At the Gates: Kabla na Baada ya Dakika 34

Ndugu zangu wapiga gitaa, wapiga dramu, waimbaji, na nyinyi mliosindikizana na rafiki ili mjue kelele hizi zinahusu nini: asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie safari ya bendi moja ya Sweden, nami nimechagua At the Gates, wana wa Göteborg.

Mwulize mpenzi yeyote wa hevi metali kuhusu bendi hii, atakutajia albamu moja tu: Slaughter of the Soul, iliyotoka Novemba 1995. Ina nyimbo 11, na ukiisikiliza toka mwanzo hadi mwisho, dakika 34 hivi zimetosha. Watu wanaihesabu kati ya albamu kubwa za aina yake, nami siwapingi, maana naipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Ninachopinga ni mazoea ya kuanzia hapo na kuishia hapo. Bendi ile ilitoa albamu tatu kabla yake na tatu nyingine baada ya kurudi, kati ya 2014 na 2021, na mtu asiyezijua hizo sita hajaisikia vizuri hata hiyo moja. Slaughter of the Soul ilitengenezwa kwa kutupa vitu. Huwezi kujua mtu ametupa nini kama hukuwahi kuona alikuwa amebeba nini.

Basi twende Göteborg. Ni mji wa bandari na viwanda, magharibi mwa Sweden. Magari ya Volvo yanatoka huko. Mwishoni mwa miaka ya 1980, vijana wa vitongoji vyake, hasa Billdal upande wa kusini, walikuwa wameshikwa na muziki mkali kweli kweli. Intaneti hakuna. Kijana anarekodi demo, yaani rekodi ya majaribio, kwenye kanda, anaitia kwenye bahasha, anaituma Norway, Marekani, Brazil, halafu anasubiri wiki kadhaa hadi bahasha nyingine irudi. Tomas Lindberg, aliyezaliwa Oktoba 1972 na aliyekuja kuwa mwimbaji wa At the Gates, alikuwa katikati ya mtandao huo wa barua. Nembo ya bendi ya Darkthrone ya Norway, ile yenye herufi zilizotawanyika kama matawi makavu, ni yeye aliyeichora.

Kuna jambo lingine la Sweden ambalo wasimulizi wengi hulisahau. Manispaa za huko zilikuwa na shule za muziki kwa watoto, na vyama vya elimu vilivyopata ruzuku ya serikali vilisaidia vikundi vya vijana kupata vyumba vya mazoezi. Watoto wa wafanyakazi wa kawaida walijua kushika ala kabla ndevu hazijaota. Nalitaja kwa makusudi, kwa sababu tunapenda kusema kwamba kipaji huota chenyewe. Kipaji kilikuwepo, ndiyo, lakini chumba kilikuwepo pia, na hita ya kuwasha wakati wa baridi.

Lindberg alikuwa na bendi iliyoitwa Grotesque, pamoja na mpiga gitaa Alf Svensson na mchoraji Kristian Wåhlin, ambaye baadaye michoro yake ilipamba majalada mengi ya metali ya Skandinavia. Grotesque ikavunjika. Mwaka 1990 Lindberg na Svensson wakaungana na ndugu wawili mapacha, Anders Björler wa gitaa na Jonas Björler wa besi, pamoja na mpiga dramu Adrian Erlandsson. Mapacha walikuwa na miaka 17. Hiyo ndiyo At the Gates.

Sasa niwaeleze kidogo walichokikuta mezani. Dethi metali ilikuwa tayari na miji yake. Florida, Marekani, palikuwa na wake. Stockholm palikuwa na bendi za Entombed na Dismember, ambao gitaa zao zilipita kwenye pedali ya Boss HM-2 iliyofunguliwa mpaka mwisho, sauti ikatoka nzito, chafu, inayosaga. Waimbaji wananguruma, dramu zinakimbia, na mambo ya maudhui ni kifo, mazishi na uozo. Göteborg iko upande wa pili wa nchi, na vijana wake walitaka kuwa wakali vilevile, ila walikuwa wamelelewa na gitaa za Iron Maiden, bendi ya hevi metali ya Uingereza. Hawakuwa tayari kuziacha.

Nyinyi mliokulia kwenye dansi na rumba ya Kongo mnakijua ninachokisema bila kufundishwa. Mnajua sebene inapoingia, mwimbaji ananyamaza, na gitaa la solo na lile la pili yanaanza kujibizana hadi husikii tena maneno, unasikia gitaa zinaimba. Kwa Iron Maiden na watoto wao, gitaa mbili hutembea pamoja, moja likiwa ngazi chache juu ya mwenzake, kama waimbaji wawili wa kwaya. Göteborg ilichukua matembezi hayo ikayaweka kwenye ngazi ya maina, ile yenye majonzi, ikayapiga kwa kukwaruza uzi juu na chini kwa kasi bila kupumzika, huku chini yake dramu zinapigwa kama mtu anayekimbizwa. Huko ndiko dethi metali ya melodi ilikotokea. Majirani waliokuwa wakiifanya kazi hiyo hiyo, Dark Tranquillity na In Flames, walikuwa wakiishi karibu hivi kwamba waimbaji walikuwa wakibadilishana: Anders Fridén aliimba albamu ya kwanza ya Dark Tranquillity kisha akawa mwimbaji wa In Flames, na Mikael Stanne aliimba albamu ya kwanza ya In Flames kisha akabaki na Dark Tranquillity.

At the Gates walikuwa wagumu kuliko wote. Mwaka 1991 walitoa Gardens of Grief, rekodi fupi, halafu mwaka 1992 ikaja albamu kamili ya kwanza, The Red in the Sky Is Ours. Hapa nataka tukae.

Albamu hii iliongozwa na kichwa cha Alf Svensson, na kichwa kile kilikuwa na njia zake. Wimbo unaanza kwenye mwendo mmoja, unakatika, unarudi kwa mwendo mwingine, rifu inabadilika kabla hujaizoea. Rifu, kwa wageni wetu, ni kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa na kuubeba wimbo. Kwa kawaida rifu hurudiwa ili msikilizaji apate pa kushika. Svensson hakukupa pa kushika. Juu ya vurugu hiyo yote kuna fidla, inapigwa na Jesper Jarold, nayo haikuwekwa kama pambo la mwanzoni na mwishoni. Inaingia katikati ya ghasia na kuimba melodia zenye harufu ya muziki wa kienyeji wa Sweden. Lindberg naye hangurumi kama wenzake wa Stockholm. Anapiga ukelele wa juu, wa mtu aliyekata tamaa, hadi unaogopa koo litapasuka.

Kuna wanaoilaumu albamu hiyo kwa rekodi yake nyembamba, na ni kweli: gitaa hazina nyama, na dramu zinasikika kwa mbali. Lakini sikilizeni kinachoandikwa mle. Vijana wa miaka 19 wanatunga muziki ambao hata leo bendi nyingi haziwezi kuucheza bila kusoma karatasi. Huo ndio mzigo waliokuwa wameubeba, nanyi mkumbuke, maana tutaurudia.

With Fear I Kiss the Burning Darkness ya 1993 inaendelea na njia hiyo, na giza limeongezeka. Mwaka huo huo Svensson akaondoka, nafasi yake akachukua Martin Larsson. Kwa bendi nyingi, kuondoka kwa mtunzi mkuu ni msiba. Kwa At the Gates kulifungua mlango kwa mapacha. Anders na Jonas walikuwa na wazo tofauti: walipenda wimbo uwe na umbo linalokumbukika, mstari, kiitikio, na mlango wa kutokea.

Mwaka 1994 wakatoa Terminal Spirit Disease. Ni albamu fupi, nyimbo sita mpya zikajaziwa na nyimbo za jukwaani. Sikai sana hapa, ila mwusikilize And the World Returned, ule wa gitaa kavu na selo. Bendi imejua kunyamaza. Nyimbo zingine zimeanza kunyooka, na ukiweka sikio vizuri unasikia mtu anayepima uzito wa kila kitu kabla ya kukiacha ndani.

Basi tufike 1995. Bendi imehamia kampuni ya Earache ya Uingereza na inaingia Studio Fredman, kwa fundi mitambo Fredrik Nordström. Studio hiyo ndiyo iliyotengeneza sauti ya Göteborg nzima. Albamu ya Dark Tranquillity iliyotoka mwaka ule, The Gallery, na ya In Flames iliyofuata mwanzoni mwa 1996, The Jester Race, zote zilipitia hapo. Walitumia muda mrefu kutafuta sauti ya gitaa peke yake, na walipoipata ilikuwa kavu, nyororo pembeni, na kali katikati, ikasikika kana kwamba gitaa limekaa mbele ya uso wako.

Kisha wakatupa. Fidla ikaenda. Nyimbo ndefu zikaenda. Mizunguko ya Svensson, mabadiliko ya ghafla, vipande vinavyokuja mara moja tu na kupotea, vyote vikaenda. Kila wimbo ukabaki na dakika tatu au karibu na hapo. Dramu za Erlandsson zikachukua mwendo wa panki ya Sweden na Uingereza, ule wa kusukuma mbele bila madoido, ambao Lindberg aliupenda maisha yake yote na baadaye akaupiga na bendi ya Disfear. Ukelele wa Lindberg nao ukashuka. Ukawa mkavu, mkali, maneno yakasikika.

Nimesikia watu wenye heshima zao wakisema kwamba hapo bendi ilirahisisha muziki ili iuze. Sikubaliani nao hata kidogo, na hapa ndipo ninapoomba mnifuate polepole. Katika albamu ya 1992, melodia ilikuwa juu ya rifu: chini gitaa zinapigana, juu fidla inaimba. Ukiiondoa fidla, unabaki na vita. Katika albamu ya 1995, melodia imeingia ndani ya rifu yenyewe. Sikiliza Blinded by Fear au Under a Serpent Sun. Gitaa linalokukata ndilo linaloimba. Hakuna wa kulia na wa kupigana, ni mkono mmoja. Hicho si kitu rahisi. Kukipata, ilibidi kwanza uwe na miaka mitatu ya kuandika muziki uliojaa kupita kiasi, ukajua kila noti inafanya nini, ndipo ujue ipi ikiondoka nyumba haianguki. Mpiga gitaa anayeanza na rifu za 1995 anaiga umbo la nje. Ndiyo maana bendi nyingi zilizoiga zinasikika zimekauka.

Wimbo Cold una solo iliyopigwa na Andy LaRocque, mpiga gitaa wa bendi ya King Diamond, naye ni mtu wa Göteborg. Ni wageni wachache walioingia kwenye albamu ile, na solo hiyo imewekwa pale tu ilipohitajika, fupi, safi, kisha wimbo unaendelea na shughuli yake. Katikati ya albamu kuna Into the Dead Sky, wimbo usio na maneno, wa gitaa kavu. Unakupa pumzi, halafu mbio zinaanza tena. Maneno ya Lindberg hayana mapepo wala makaburi. Ni hofu, uongo, chuki ya mtu kwa nafsi yake, na jamii inayomla mtu akiwa hai. Video ya Blinded by Fear ikaonyeshwa na MTV kwenye kipindi chao cha metali, na albamu ikateuliwa kuwania tuzo za muziki za Grammis nchini mwao.

Kisha, mwaka 1996, bendi ikavunjika. Walikuwa wamechoka na ziara, Anders Björler akaamua kuondoka, na wenzake wakaona haina maana kuendelea bila yeye. Fikirini hilo. Mlango umefunguka, Marekani inawaita, nao wanafunga duka. Mapacha na Erlandsson wakaanzisha The Haunted. Erlandsson akapita pia Cradle of Filth na Paradise Lost. Lindberg akaimba kila mahali: The Crown, Lock Up, Disfear, Nightrage. Na huku nyuma albamu yao ya mwisho ikaanza kuzaa.

Ilizaa zaidi Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana waliotoka kwenye panki kali ya Marekani walichukua rifu za Göteborg wakazichanganya na vishindo vyao vizito, wakapata mtindo unaoitwa metalikoo. Killswitch Engage, The Black Dahlia Murder, Darkest Hour: sikio lolote linasikia wametoka wapi. Darkest Hour walifunga safari mpaka Göteborg wakarekodi albamu yao ya 2003 kwa Nordström mwenyewe. Kutoka huko mtindo ukaenea dunia nzima, na Nairobi haukuiacha. Bendi ya huko, Last Year's Tragedy, walipopanda jukwaani na metalikoo yao, rifu zile zilikuwa zimeshavuka bahari mbili. Sijasema hivyo ili kumpunguzia mtu sifa. Nasema ili mjue kwamba wengi wenu hapa mmekuwa mkicheza noti za mapacha wa Billdal bila kuambiwa.

Ila kulikuwa na hasara. Bendi haipo, watoto wake wako kila mahali, na wote wanaiga dakika 34 zile zile. Fidla ya 1992 haikupata mwigaji. Selo ya 1994 haikupata mwigaji. Bendi iliyokuwa ya ajabu kuliko zote Göteborg ikageuka kuwa alama ya unyoofu. Nadhani hili ndilo lililokuwa mezani walipoamua kurudi.

Walirudi 2008 kwa matamasha ya kiangazi, Wacken ya Ujerumani ikiwemo, na mwanzoni walisema ni ziara tu. Lindberg alikuwa mwalimu wa shule kwa wakati huo, akifundisha masomo ya jamii kwa vijana, na aliendelea na kazi hiyo huku anaimba. Jambo hilo linanigusa. Mtu anasimama darasani asubuhi kueleza serikali na historia, na mwisho wa juma anasimama mbele ya maelfu. Ukisoma maneno ya albamu zake za baadaye utaona mwalimu ndani yake.

Albamu ikaja 2014, At War with Reality, miaka 19 baada ya ile ya mwisho. Uzito wake ulikuwa mkubwa, na njia rahisi ilikuwa wazi: fanya Slaughter ya pili, watu wanunue. Hawakufanya hivyo kikamilifu. Kuna nyimbo zinazokimbia kama zamani, sikatai, lakini mwendo umepungua, gitaa zimepanuka, na Lindberg amezama kwenye fasihi ya Amerika ya Kusini, Borges na García Márquez na wenzao. Albamu inafunguliwa na sauti inayosoma Kihispania. Mimi naiona ni albamu ya tahadhari, nzuri, ya watu wanaopima kama goti bado linabeba mwili.

Mwaka 2017 Anders Björler akaondoka tena. Hapo ndugu yake Jonas akabeba utunzi, Jonas Stålhammar akashika gitaa, na mwaka 2018 wakatoa To Drink from the Night Itself. Msingi wa maneno yake ni riwaya ya Peter Weiss kuhusu sanaa na mapambano dhidi ya ufashisti, kitabu kizito cha juzuu tatu. Giza la 1993 likaanza kurudi, na zile njia zinazojipinda.

Halafu ikaja ya 2021, The Nightmare of Being, na hapa nitasema wazi: ndiyo kazi yao kubwa baada ya kurudi, na kwangu inasimama bega kwa bega na ile ya 1995. Maneno yanachimba falsafa ya watu walioona kwamba kuwepo ni mzigo. Na muziki umefunguka: ala za kinanda, filimbi, vipande vya okestra, saksafoni. Wimbo Garden of Cyrus unatembea polepole, dramu zinazunguka badala ya kukimbia, na saksafoni inaingia pale ambapo miaka 29 kabla yake ingeingia fidla. Lindberg alikuwa mtu wa Roadburn, lile tamasha la Tilburg, Uholanzi, kwa muziki usiokubali mipaka, na mwaka 2019 alipewa kuratibu sehemu ya programu yake. Yale aliyoyapanga mle yanasikika ndani ya albamu hii.

Tulinganishe na majirani, kwa kifupi. In Flames, kuanzia Reroute to Remain ya 2002, walielekea kuimba kwa sauti ya kawaida, viitikio vikubwa, na viwanja vikubwa, wakapata wasikilizaji wapya na wakapoteza baadhi ya wazee. Dark Tranquillity waliiweka sauti ya kuimba mwaka 1999 kwenye Projector, kisha wakatafuta usawa kati ya kuimba na kunguruma, wakaendelea hivyo kwa uvumilivu wa ajabu. Bendi zote mbili zilikuwa zikiongeza kitu kutoka nje. At the Gates walichukua njia nyingine: walipotaka kwenda mbele walikwenda kuyachukua yale yao wenyewe waliyoyatupa, wakayaleta yakiwa yamekomaa. Kwa mtunzi yeyote aliyeko hapa, ukirudi kwenye kanda zako za zamani, zile ulizoona aibu nazo, usizifute. Huenda hukuwa umekosea wazo. Huenda ulikuwa huna mikono ya kulibeba.

Mwaka 2022 Anders Björler akarudi tena, na kikosi kile cha Slaughter kikawa kimekamilika. Mnamo Desemba 2023 Lindberg akagundulika kuwa na saratani adimu ya kinywa. Bendi ilikuwa imeshatengeneza demo za albamu mpya. Siku moja kabla ya upasuaji aliingia akarekodi sauti zake zote, kwa siku ile moja, kwa sababu hakujua kinywa kitakachobaki kingeweza nini. Alifariki tarehe 16 Septemba 2025, akiwa na miaka 52.

Wengi wetu tulilia siku ile, na mitandaoni zikasambaa picha na maneno, karibu yote yakizungumzia 1995. Ilinisikitisha kidogo katikati ya msiba. Mtu aliyeandika kuhusu Weiss na Borges, aliyeimba juu ya fidla akiwa kijana na juu ya saksafoni akiwa na umri wa mwalimu mkongwe, alikuwa akikumbukwa kwa nusu saa ya maisha yake. Nusu saa nzuri sana, lakini nusu saa.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na ni ombi la kazi. Msirudi nyumbani mkaweka Blinded by Fear, mnaijua. Wekeni kwanza The Red in the Sky Is Ours, mara mbili, kwa sababu ya kwanza itawachosha. Kisha Slaughter of the Soul, mkisikiliza fidla iko wapi. Kisha The Nightmare of Being. Wapiga dramu, mfuate Erlandsson katika zote tatu, muone jinsi mtu mmoja anavyopunguza na kuongeza bila kubadilisha mkono. Waimbaji, mfuate pumzi za Lindberg. Ukelele wa 1992 na ule wa 2021 ni wa koo moja, ila wa pili unajua mahali pa kukaa kimya.

Fundi wetu, naomba utuwekee Garden of Cyrus, sauti ijae ukumbi. Tutausikiliza wote bila kuongea, halafu wenye maswali waje mbele kwenye kipaza sauti, wapiga gitaa kwanza.